Tunapima mlima, tunasahau wenye kukimbia



Kuna makala moja ambayo siku hizi karibu kila mtu anayeandika mémoire juu ya volkano hapa Goma anaitaja. Ni ile ya Delphine Smittarello na wenzake, iliyotoka 2022 katika jarida la Nature, juu ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021. Kati ya waandishi kuko pia watafiti wa OVG, watu wetu wa hapa. Nimeisoma mara mbili. Ninaiheshimu sana, lakini namna tunaitumia sisi wenyewe inanisumbua.

Kwanza tuipe haki yake. Kwa kawaida volkano inatoa dalili: ardhi inatikisika, inavimba, gesi zinabadilika, kisha moto unatoka. Makala inaonyesha kwamba mwaka 2021 mambo yalienda kinyume. Ukuta wa mlima ulipasuka, lava ikatiririka kwa saa kama sita bila dalili ya wazi mbele, na ni nyuma ya hapo ndipo magma ilianza kutembea chini ya ardhi. Ilitembea kilomita 25, ikapita chini ya Goma na Gisenyi mpaka chini ya ziwa Kivu, kwa kina kisichofika mita 500. Fikiria: nyumba yako iko hapo juu, na moto uko chini kwa umbali wa kwenda sokoni kwa mguu. Kwa jambo hilo peke yake, makala inastahili sifa zote.

Sasa shida yangu. Nimepitia mémoire nyingi za wadogo zetu, na nyingi zinafuata njia ile ile. Katikati wanaandika kwamba mlipuko wa 2021 haukutoa dalili. Mwishoni, kwenye mapendekezo, wanaandika: serikali iongezee OVG mitambo. Basi! Hakuna mtu katika jury anayeuliza: kama mlima unaweza kupasuka bila kutoa dalili, mtambo mpya utakuambia nini ule usiku?

Sisemi mitambo haina faida. Miezi kadhaa kabla ya mlipuko, OVG ilikosa hata pesa ya intaneti ya kupokea data za vituo vyake, na hiyo ni aibu. Tena ni vipimo vilivyoonyesha magma inatembea chini ya mji, na tarehe 27 Mei asubuhi mapema gavana wa kijeshi akaamuru kartie 10 kati ya 18 ziondoke. Mitambo inahitajika. Lakini ukiamini ile makala kweli, lazima ukubali kwamba iko siku tutakimbia bila mtu kutuonya. Kwa hiyo swali kubwa la utafiti ni hili: tutakimbia namna gani?

Tuangalie hesabu ya kwanza iliyotolewa na serikali kesho yake, tarehe 23 Mei. Wafu 15. Kati yao, 9 walikufa katika ajali ya barabara wakikimbia. Wengine 4 walikuwa wafungwa wa gereza la Munzenze waliojaribu kutoroka. Waliochomwa na lava walikuwa 2. Hesabu ilipanda siku zilizofuata, ikapita 30, lakini ile orodha ya kwanza ingetosha kubadilisha masomo yetu. Katika watu 15, lava iligusa 2. Wengine 13 waliuawa na mambo ambayo yako mikononi mwa watu: barabara, giza, woga, mlango wa gereza.

Na 2021 haikuwa mara ya kwanza. Januari 2002 lava ilikata mji katikati mpaka ikaingia ziwani. Siku chache nyuma, kituo kimoja cha petroli kililipuka watu wakiwa wanachota mafuta, na makumi wakafa. Huo ulikuwa msiba wa njaa na wa mji usiokuwa na mtu wa kuulinda. Ni kazi ya polisi, ya sheria, ya uchumi. Jeolojia peke yake haiwezi kuueleza.

Wale wafungwa wanne wananikalia rohoni kuliko wengine wote. Munzenze ilijengwa kwa watu 350, na kwa miaka mingi imebeba mara nyingi zaidi ya hapo. Mlima unapowaka, nani anafungua? Kwa amri ya nani? Wanapelekwa wapi, na wale ambao bado hawajahukumiwa wanahesabiwa namna gani wakirudi? Haya ni maswali ya utafiti, si ya siasa. Hatukuyajibu nyuma ya 2021. Mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia mjini, gereza lile lile lilivunjwa na kuwaka moto, na Umoja wa Mataifa ulisema wafungwa wanawake zaidi ya mia moja walikufa mule. Safari hii volkano haikuwa na kosa lolote. Lakini swali ni lile lile: nani ana ufunguo siku ya hatari?

Kwa nini hatuandiki juu ya haya? Naona ni sababu ya kuta tulizojenga vyuoni. Volkano ni ya watu wa jeolojia. Gereza ni la watu wa sheria. Barabara ni ya watu wa ujenzi. Usalama ni wa wanajeshi, na wengi wanaogopa hata kuutaja. Najua mwanafunzi mmoja wa sheria, katika chuo ambacho sitakitaja, aliyeleta mada juu ya wafungwa wakati wa misiba ya asili. Aliambiwa: «Hiyo haiko sheria, enda kwa jeolojia.» Kwa jeolojia nako wangemwambia nini?

Wengine mtaniambia kwamba kuko utafiti juu ya watu. Ni kweli. Blaise Mafuko Nyandwi wa Chuo Kikuu cha Goma na wenzake waliwauliza wakaaji wenyewe namna wanaona hatari ya volkano, na kazi ya namna ile ndiyo tunahitaji nyingi zaidi. Lakini bado hatujajua vizuri mtu anaenda wapi, na nani, na kwa njia gani. Goma iko na ziwa kusini, mpaka wa Rwanda mashariki, mlima kaskazini, na barabara moja ya Sake magharibi. Na tangu 2022, wakimbizi wa vita walikuja kujaa Kanyaruchinya, chini ya mlima ule ule, upande ambao lava ya 2021 ilikata barabara ya Rutshuru. Ramani ya hatari isiyokuwa na ramani ya vita pembeni, hapa kwetu, ni nusu ya ramani.

Jambo la mwisho ni lugha. Neno «mazuku», ile gesi mbaya inayoua watoto na mbuzi kwenye mashimo, lilitoka katika midomo ya watu wa Kivu. Leo liko katika makala za Kiingereza dunia nzima. Tuliwapa neno. Mama wa Buhene aliyepoteza nyumba, yeye amerudishiwa nini? Makala nzima iko kwa Kiingereza, mémoire zetu ziko kwa Kifaransa, na yeye anasubiri mtoto wa jirani amwambie kama atoke au abaki.

Kwa hiyo, wadogo zetu mnaochagua mada mwaka huu, chukueni hizi: mpango wa kuhamisha gereza, barabara ya Sake saa mbili za usiku, watoto waliopotezana na wazazi Mei 2021, na nani aliwaandika majina, amri ya kuhama chini ya état de siège, ilipita kwa nani mpaka ikafika kwenye avenue. Na ninyi maprofesa mlio humu, mwanafunzi akija na mada yenye miguu miwili, mmoja kwa sheria na mmoja kwa jeolojia, msimfukuze. Mtafutieni mwongozaji wa pili.