Hongera, Wachongaji wa Tabaka

Wachongaji wa Tabaka, Kisii, hongereni! Mawe ya sabuni ya vilima vyenu ni laini, hukatika kwa panga na kisu. Ndiyo maana hata mtu mzima, aliyekwisha kulea na kusomesha, anaweza kuketi kando ya fundi na kujifunza kumtoa kiboko, twiga au ndovu ndani ya bonge la jiwe. Pongezi pia kwa akina mama wanaomsugua kila mnyama kwa msasa na maji, kisha kumng'arisha kwa nta. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Tununueni kazi hizi bila kuwapunja mafundi. Jasho lao lina thamani.