"Kumbe" na Uso wa Kawaida: Uhakiki wa Kitabu cha Ann Rule

Katika masimulizi ya kweli kuhusu wauaji wa mfululizo, yaani watu waliowaua wenzao mmoja baada ya mwingine kwa muda mrefu, kuna neno moja la Kiswahili linaloweza kueleza muundo mzima wa utanzu huo. Neno lenyewe ni kumbe. Msomaji huonyeshwa kwanza mtu mwenye masomo, kazi, mchumba na majirani wanaomsifu. Kisha huambiwa: kumbe ndiye muuaji. Makala haya yanachunguza kitabu kimoja mashuhuri cha utanzu huo, kwa nia ya kuonyesha kile ambacho neno hilo hukifichua na kile ambacho hukificha.

Kitabu hicho ni The Stranger Beside Me, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Mgeni Aliye Kando Yangu. Kilitolewa Marekani mwaka 1980. Mwandishi wake, Ann Rule (1931-2015), alipata kuwa polisi mjini Seattle kabla ya kuandika habari za uhalifu katika majarida. Mnamo mwaka 1971 alikuwa akifanya zamu za usiku katika kituo kilichopokea simu za watu waliokata tamaa ya maisha. Mwenzake wa zamu alikuwa mwanafunzi aliyeitwa Ted Bundy. Miaka michache baadaye Rule alipata mkataba wa kuandika kitabu kuhusu muuaji asiyejulikana, aliyekuwa akiwaangamiza wasichana katika jimbo la Washington. Muuaji huyo alikuwa Bundy. Alitekelezewa hukumu ya kifo kwa kiti cha umeme huko Florida tarehe 24 Januari 1989, baada ya kukiri kwamba aliua watu 30.

Nguvu ya kitabu imo katika mkasa huo wa mwandishi. Rule hakuhitaji kubuni ukawaida wa Bundy; aliuishi. Anasimulia jinsi kijana huyo alivyozungumza kwa upole na watu waliotaka kujiua, na jinsi alivyomsindikiza yeye hadi kwenye gari lake usiku, akimsihi awe mwangalifu njiani. Mambo haya yameandikwa kwa lugha nyepesi isiyo na makuu, na kwa sababu hiyo yanamtia msomaji hofu kuliko maelezo ya maiti. Aidha, mwandishi hajifanyi kuwa alijua mapema. Anaungama kwamba alisitasita kwa muda mrefu, akimwandikia Bundy barua na kumpelekea fedha gerezani, huku moyo ukimkataza kuamini.

Hata hivyo, yafaa kuuliza kumbe ni ya nani. Kisarufi, kihisishi hiki kina masharti mawili: pawepo imani ya awali, na pawepo msemaji aliyekuwa na imani hiyo kisha akazinduka. Maana yake ni kwamba kitovu cha kumbe ni yule aliyedanganyika, wala si yule aliyedhulumiwa. Msichana aliyeuawa hana nafasi ya kusema kumbe. Rule hawasahau wahanga. Anawapa wasifu mfupi, anataja masomo yao na matumaini yao. Lakini Bundy akishakamatwa huko Utah mwezi wa Agosti 1975, simulizi humfuata yeye: barua zake, kutoroka kwake mara mbili mwaka 1977, na kesi yake ya mwaka 1979 mjini Miami, iliyoonyeshwa katika televisheni. Waliokufa hubaki kuwa ushahidi wa ajabu ya mtu mwingine. Kasoro hii si ya Rule peke yake. Imo katika muundo aliourithi na ambao wengi wamemwiga.

Jambo la pili linahusu huo unaoitwa mvuto wa muuaji. Imezoeleka kusema kwamba Bundy aliwateka wanawake kwa uzuri na ufasaha wake. Habari zilizomo katika kitabu chenyewe zinapingana na dai hilo. Tarehe 14 Julai 1974, kando ya ziwa Sammamish, Bundy alijifunga mkono kama mtu aliyeumia, akawaomba wanawake kadhaa wamsaidie kupakia mashua. Mmoja wao alifuatana naye hadi kwenye gari, akaona hakuna mashua, akarudi zake. Siku hiyo hiyo wanawake wawili walitoweka. Kilichowavuta si mvuto wa Bundy, bali huruma yao wenyewe kwa mtu aliyeonekana mlemavu. Na wale aliowaua usiku vitandani mwao hawakuvutwa na kitu chochote. Masimulizi yanapoyaita haya haiba ya muuaji, humpa yeye sifa iliyokuwa ya wahanga, nayo ni utu.

Tatu, kumbe hudai kwamba hakuna aliyejua. Lakini kitabu kinaonyesha kwamba jina la Bundy lilikwisha kutajwa. Rule mwenyewe alimtajia rafiki yake mpelelezi jina hilo mwaka 1974, ikagunduliwa kuwa kijana huyo alikuwa na gari aina ya Volkswagen kama lile lililotajwa na mashahidi. Mchumba wake naye alipeleka shaka zake polisi. Baadaye, mwaka 1981, alitoa kitabu chake mwenyewe kwa jina la Elizabeth Kendall. Majina yaliyoletwa yalikuwa maelfu, na mwanafunzi nadhifu, asiye na rekodi ya mtu mzima mahakamani, hakufanana na picha ya muuaji iliyokuwamo vichwani mwa watu. Kwa hiyo barakoa haikuwa usoni mwa Bundy tu. Nusu yake ilikuwa katika macho ya waliomtazama. Rule anazieleza habari hizi, ila hazifanyi kuwa swali kuu la kitabu.

Ulinganisho na kitabu cha Kifaransa utasaidia. Katika L'Adversaire (2000), Emmanuel Carrère anasimulia habari za Jean-Claude Romand, ambaye mwezi wa Januari 1993 aliwaua mkewe, watoto wake wawili na wazazi wake. Romand si muuaji wa mfululizo kwa maana kamili, lakini maisha yake yalikuwa kificho kwa miaka ipatayo 18: alijidai kuwa daktari wa Shirika la Afya Duniani mjini Geneva, na kumbe alishinda garini, katika maegesho na misituni. Carrère anaanza kwa kueleza alikokuwa yeye mwenyewe asubuhi ya mauaji: katika mkutano wa wazazi, shuleni kwa mwanawe. Hatua hii ni ndogo, lakini inabadili kila kitu. Msomaji hangojei kufunuliwa uso wa pili wa muuaji, kwa kuwa nyuma ya daktari wa uongo hapakuwa na mtu mwingine wa kweli. Anabaki na swali gumu zaidi: jamaa na marafiki waliishije na maswali ambayo hawakuyauliza?

Kwa wanafunzi wanaotaka kutafsiri au kuandika masimulizi ya namna hii kwa Kiswahili, fundisho liko wazi. Mwandishi akianza na muuaji na kumalizia na kumbe, atakuwa amemfanya muuaji kuwa shujaa wa hadithi, hata kama anamlaani katika kila ukurasa. Akianza na aliyeuawa, na akahesabu wale waliosema wasisikilizwe, atakuwa ameandika habari nyingine kabisa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa mshangao, kana kwamba ni jina jingine la kumbe. Lakini haisifu werevu wa chawa, wala haisemi kwamba hawezi kuonekana. Inataja mahali alipo, ili mwenye nguo aikung'ute. Kitabu cha Ann Rule kinastahili kusomwa kwa sababu kinatufikisha karibu na nguo hiyo. Kazi ya kuikung'uta kimewaachia wasomaji.