Kuwasha si Kuamsha

Katika miongozo ya kompyuta iliyotafsiriwa kwa Kiswahili tumeona kasoro moja inayomponza msomaji: neno "kuwasha" limebebeshwa maana mbili. Kuwasha ni kutia umeme. Kitendo kinachofuata, yaani kompyuta kuusoma mfumo endeshi kutoka katika diski na kuanza kazi, ni kingine kabisa.

Tuchukue mfano: "Kompyuta haiwaki kwa flashi." Msomaji atakagua waya na soketi, ilhali taa zinawaka na feni inazunguka. Kosa liko kwingine. Huenda mpangilio umeitanguliza diski ya ndani. Huenda faili la mfumo limenakiliwa tu kwenye flashi badala ya kuandikwa kwa programu maalumu. Au ulinzi wa kompyuta umeikataa programu isiyo na saini inayotambuliwa. Neno moja limempotezea siku nzima.

Wapo wasemao "kubuti". Asili yake katika Kiingereza ni ukanda wa kuvutia buti mguuni, lakini kwa msomaji wetu buti ni kiatu tu. Sisi tunaonelea "kuamsha" lifaa zaidi: taa huwashwa, aliyelala huamshwa. Hapo tutapata "diski ya kuamshia" na "mpangilio wa uamshaji" bila taabu.

Pingamizi lipo: kompyuta iliyosinzia, ambayo mfumo wake ungali katika kumbukumbu, nayo yaamshwa. Hiyo na iitwe kuzindua. Tunawaomba walimu na wafasiri wayapime maneno haya kazini, kisha watuletee maoni yao.