Nati ya Mkerezaji

Land Rover ya mwaka 1968 ambayo jirani yangu hapa Mzinga ameifufua kwa muda wa miaka miwili ni kazi nzuri. Nalisema hilo mwanzoni ili yatakayofuata yasidhaniwe kuwa ni kijicho. Rangi imetulia, milango inafunga sawasawa, na injini inawaka bila kubembelezwa. Lakini gari halihakikiwi kwa rangi. Ukitaka kumjua aliyelitengeneza, lala chali chini yake, uifuate njia ya mafuta kutoka tangi lililo chini ya kiti mpaka kwenye kabureta, wala usiruke kiungo hata kimoja.

Mimi nimelala chali na nimeifuata. Alipolinunua gari hilo, njia ile ilikuwa viraka vitupu: kipande cha mpira hapa, kingine pale, vimefungwa kwa waya, na kimoja kimelala karibu kabisa na ekzosi. Apandaye barabara ya Mgeta anayajua matokeo yake. Petroli ikipata joto hugeuka mvuke ndani ya paipu, pampu ikavuta mvuke badala ya mafuta, na abiria wakashuka pamoja na magunia yao ya kabichi kungoja injini ipoe. Na huo ndio msiba mdogo. Mpira ukipasuka juu ya ekzosi ya moto, hakuna wa kungoja kitu. Mwenzetu ameing'oa yote. Amerudisha paipu ya chuma, imebanwa kwenye chasisi mbali na joto, na kila kiungo kina nati pamoja na pete laini ya shaba ambayo, nati ikikazwa, huiuma paipu na kuziba. Kwenye pampu amerudisha kikombe cha kioo mahali pa kile cha bati alichokikuta, na hilo nalo ni sahihi: kioo hukuonyesha maji na mchanga vilivyotuama kabla havijafika kwenye kabureta. Bati huficha mpaka gari lizime njiani.

Ugomvi wangu naye ni nati moja tu.

Ilikuwa kwenye mdomo wa pampu, ya shaba ya njano, pembe zake hazilingani sana. Kwa maelezo ya aliyemwuzia gari, ilikerezwa hapa hapa Mzinga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni hazipo, na mwenye gari la Kiingereza alitafuta spea kama mtu atafutaye dawa. Mtaa wenye Shirika la Mzinga haukosi watu wanaojua chuma, na mmoja wao aliombwa aitengeneze. Wasiojua watasema nati ni nati. La hasha! Viungo vya mafuta vya magari hayo hufuata uzi wa Kiingereza wa zamani, ambao mifereji yake hukatwa kwa pembe ya digrii 55, kama alivyopanga Whitworth mwaka 1841. Uzi wa metriki ni digrii 60. Ukilazimisha nati ya metriki itashika mizunguko miwili, ikwame, na ukiendelea kukaza utaharibu uzi wa pampu yenyewe. Kwa hiyo mkerezaji yule alilazimika kuupima uzi, kunoa kisu chake kwa pembe isiyo ya kila siku, na kukata taratibu. Nati ikashika, na imeshika miongo minne bila kuvuja.

Jirani yangu ameiondoa na kuagiza nyingine kutoka Uingereza. "Mzee," aliniambia, "nataka gari liwe la asili." Ndoto yake ni kulifikisha Nairobi, kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance ya Ngong, ambako waamuzi huchungulia hadi uvunguni. Namwelewa. Lakini hiyo nati ya asili imetengenezwa juzi na kiwanda kinachonakili, ikaja ndani ya mfuko wa nailoni. Haijawahi kuonja vumbi la Matombo. Ile aliyoitoa ina umri mkubwa zaidi ndani ya gari hili kuliko vingi alivyovirudisha.

Halafu, asili ya Land Rover ni nini hasa? Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita. Watu wa Solihull walitumia walichonacho, na leo tunausifu uamuzi huo kama hekima ya wahandisi. Mkerezaji wetu naye alitumia alichonacho, kwa sababu ile ile. Mbona chake kiitwe kiraka?

Sisemi virudi viraka vyote. Mpira na waya vilikuwa hatari, na kikombe cha bati kilikuwa kipofu. Nati ile haikuwa na kosa lolote ila kutokuwemo katika kitabu cha kiwanda. Nimemwomba airudishe, na waamuzi wa Ngong wakikata alama, wakate. Hajakubali, hajakataa. Kwa sasa imo ndani ya kopo la majani ya chai, imechanganywa na vibanio vyenye kutu, na uzi wake ungali mzima.