Mchele Wenyewe wa Lini?

Mpishi aliyelelewa Mofu, kwenye Bonde la Kilombero, hapimi maji ya wali kabla ya kujua mchele umevunwa lini. Mchele mpya, uliotoka shambani mwezi wa sita au wa saba, bado una unyevu wake. Ukiutia maji kwa kipimo cha mchele wa mwaka jana, wali unakuwa bokoboko. Uliokaa ghalani mwaka mzima unakunywa maji mengi na unachelewa kuiva, lakini punje zake zinaachana vizuri. Ndiyo maana ukimwuliza bibi wa huko, "Shikamoo bibi, vikombe viwili vya mchele naweka maji kiasi gani?" atakujibu kwa swali: "Marahaba. Mchele wenyewe wa lini, mjukuu wangu?"

Hilo ndilo swali ambalo vitabu vingi vya mapishi havilijibu. Vinaandika mchele vikombe viwili, maji vikombe vinne, chumvi kiasi, kisha vinahamia kwenye mchuzi. Kipimo hicho ni sahihi kwa mchele mkavu wa ghalani. Kwa mchele mpya wa Supa, vikombe viwili vinatosheka na maji vikombe vitatu, pengine pungufu kidogo, na mpishi mzoefu huzuia robo kikombe pembeni mpaka aone maji yanavyokauka.

Nasema haya nikiwa mpenzi wa vitabu hivyo, hasa vile vya zamani vilivyoandikwa kwa ajili ya jiko la nyumbani. Hapa kwetu ninachokiheshimu kuliko vyote ni Tanzania Cook Book cha Eva Pendaeli-Sarakikya, kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978. Ni shirika lilelile la uchapishaji lililoshiriki kutoa kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, mwaka 1972. Kuliweka jiko la mama wa Kitanzania kwenye orodha moja na kazi ya Rodney ulikuwa uamuzi wa heshima. Nusu karne kabla ya Tanzania Cook Book, mwaka 1928, kule Nairobi kilitoka The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide, na jina lenyewe linakueleza kiliandikwa kwa ajili ya meza ya nani. Pendaeli-Sarakikya aliandika kuhusu vyakula vya watu ambao ni mara chache waliona chakula chao kikipewa kurasa.

Nao wakati ulikuwa wake. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa imeundwa kwa sheria mwaka 1973. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wakikaa kwa vikundi vijijini kusikiliza redio na kujadili lishe. Nchi nzima ilikuwa ikizungumza juu ya kilichomo sahanini. Kitabu cha mapishi katika miaka ile hakikuwa pambo la kabati.

Lakini hakuna kitabu kimoja kinachoweza kuibeba Tanzania yote, na Bonde la Kilombero linadai sura yake yenyewe. Mofu iko kwenye tambarare ambayo mto unaifunika kila masika, Milima ya Udzungwa ikiwa upande mmoja na milima ya Mahenge ng'ambo ya pili. Tambarare hii imo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu mwaka 2002, ikiwa na ukubwa wa karibu kilomita za mraba 8,000. Wandamba ni wenyeji wa maji haya kwa vizazi vingi, na wameishi na Wapogoro, Wambunga, Wabena na wengi waliokuja baadaye. Maji yakipanda, samaki wanatoka mtoni na kutawanyika kwenye majani kuzaliana. Maji yakishuka wanarudi kwenye mikondo na mabwawa, na hapo wanakutana na migono ya wavuvi. Maji hayohayo yakishuka, mpunga nao unakomaa. Kwa hiyo mchele mpya na samaki wengi hufika jikoni pamoja, na upishi wa bonde umejengwa juu ya kukutana huko.

Kabla ya mavuno yenyewe kuna pepeta, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka, maana sijui kazi ya jikoni inayodai macho na masikio kuliko hii.

Pepeta hutengenezwa kwa mpunga ambao haujakauka. Punje imeshajaa, maziwa yake yameshaganda, lakini ganda bado lina ukijani. Ukiwahi mno, ndani utakuta ute. Ukichelewa hata wiki, unapata mchele wa kawaida. Mama mwenye ujuzi hupita kwenye jaruba, anaminya punje kwa kucha za kidole gumba na cha shahada, anaangalia kilichotoka, kisha anasonga mbele hadi kwenye kipande kilichofikia. Anakata masuke, anayapukuchua, anayapepeta kuondoa mapepe.

Halafu moto. Mpunga unamiminwa kidogo kidogo kwenye chungu kipana au sufuria kavu, na unageuzwa bila kupumzika. Mwanzoni husikii kitu, unaona mvuke tu. Baadaye sauti ya punje kwenye chombo inabadilika, kutoka ile nzito ya kitu chenye maji hadi mchakacho mwepesi, na harufu ya majani mabichi inageuka kuwa ya kitu kilichookwa. Hapo ndipo pa kuepua. Ukiepua kabla, punje zitagandamana kinuni kama unga uliokandwa. Ukizidisha, zitakauka na kuvunjika kuwa chenga. Nafasi kati ya makosa hayo mawili ni fupi sana, na anayekaanga huwa haangalii saa wala hajibu salamu.

Mpunga unaingia kinuni ukiwa wa moto vilevile. Wawili wanatwanga kwa kupokezana, mmoja akiinua mchi mwingine anashusha, na wote wanajizuia nguvu, kwa sababu kinachotakiwa ni punje ibonyee, si ipasuke. Ganda linaachia. Mpunga unapepetwa kwa ungo, unarudi kinuni, unapepetwa tena. Mwishoni unabaki na vipande bapa, vyembamba, vyenye rangi ya kijani iliyofifia, laini vikitafunwa na vyenye utamu wa mbali ambao haukutiwa na mtu. Wengine huongeza sukari na nazi iliyokunwa. Mimi naona pepeta ya siku hiyohiyo haihitaji kitu, ila mtoto akiomba sukari apewe.

Haya yote yanaandikika. Wapo wanaosema ujuzi wa mikono hauwezi kuwekwa kwenye karatasi, nami sikubaliani nao. Kuminya punje kwa kucha kunaandikika, na sauti iliyobadilika inaandikika. Kinachohitajika ni mwandishi aliyekaa karibu na jiko muda wa kutosha, akaacha kuuliza vipimo peke yake na kuanza kuuliza dalili.

Kambale naye ana elimu yake. Anapasuliwa, anatolewa matumbo, anaoshwa kwa chumvi, kisha anakunjwa mkia ukutane na kichwa na kuchomekwa kijiti asifunguke. Mkunjo huo una sababu: samaki anakaa imara juu ya chanja, anageuzwa bila kumeguka, na wengi wanaingia kwenye tenga moja. Moto wa kwanza unakuwa mkali kidogo ili nyama iive, halafu kuni zinapunguzwa na moshi unaachiwa kazi kwa saa nyingi. Jikoni samaki huyo hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, husafishwa, miiba mikubwa huondolewa, ndipo anapoingia kwenye kitunguu na nyanya. Karanga zilizotwangwa au tui la nazi vinafuata mwisho. Tui zito likiingia, mwiko haukai: unakoroga taratibu mpaka lichemke, vinginevyo linakatika na mchuzi unabaki na mabonge juu na maji chini. Moshi wa samaki umeshatoa ladha ya kutosha, kwa hiyo bizari ni kidogo au hakuna kabisa.

Mapishi ya zamani yanabeba pia vifaa vya zamani, na msomaji asiyejua hilo atailaumu mikono yake bure. Mchele uliotwangwa kwa kinu ulibaki na sehemu ya pumba zake. Uliotoka mashine ya kukoboa ya leo umesuguliwa hadi ukawa mweupe, nao unaiva haraka zaidi. Mbegu nazo zimebadilika. Supa ni ndefu shambani, inachelewa, ina harufu inayotangulia sahani. Karibu nayo sasa inalimwa SARO 5, fupi na yenye mazao mengi, inayotokana na kazi ya watafiti wa mpunga wa hapa Tanzania, wakiwemo wa kituo cha utafiti cha KATRIN, Ifakara. Mkulima ana sababu nzuri za kuipanda. Mpishi naye ana haki ya kuijua anayoipika.

Kisha kuna moto wenyewe. Wali wa bonde hukamilishwa kwa kupalia: maji yakikauka, makaa yanapunguzwa chini na mengine yanawekwa juu ya mfuniko, ili wali ukauke kutoka pande mbili na ukoko upatikane bila kuungua. Mwezi wa tano mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema. Mama zetu wamevuta moshi wa kutosha, na misitu ya Udzungwa haiwezi kupika wali wetu milele. Lakini juu ya mfuniko wa jiko la gesi hakuna makaa. Njia mbadala zipo: kipande cha bati zito chini ya sufuria, moto mdogo kabisa, kitambaa safi kilichofungwa kwenye mfuniko kinywe mvuke, pembe zake zikiwa zimeinuliwa juu mbali na moto. Mpishi wa gesi atazifikia haraka kama ameelezwa kupalia kulikuwa kunafanya nini. Asipoelezwa, ataambiwa tu kwamba wali wa bibi ulikuwa mtamu.

Kwa hiyo naona kazi ya Pendaeli-Sarakikya inastahili kuendelezwa, kwa Kiswahili, bonde kwa bonde. Wachapishaji wetu waliochapa riwaya na vitabu vya shule kwa miaka mingi wanaweza kuifanya. Nawe msomaji usiwasubiri. Kama una mama, shangazi au bibi anayepika hivi, iwe Mofu, Mbingu, Mlimba au Ifakara mjini, kaa naye jikoni ukiwa na daftari msimu huu wa mavuno. Andika jina la mbegu, mwezi wa kuvuna, mchele umekobolewa kwa kinu au mashine, chombo gani, kuni za mti gani. Andika alichosikia na alichonusa kabla ya kuepua. Vikombe na vijiko uvijaze baadaye.