Mwenye Ufunguo Akisinzia

Mashine pepe haina kiini hata kimoja cha prosesa. Ina ahadi ya zamu tu. Ukiipa viini vinane, mfumo endeshi uliomo ndani huvigawia kazi kana kwamba ni mali yake. Kumbe nje kuna haipavaiza, programu inayoamua nani apande kwenye prosesa halisi na nani ashuke asubiri. Ndiyo maana fundi wa seva anaweza kuongeza viini kutoka viwili hadi vinane, akakuta kazi imezidi kuchelewa. Anayelinganisha ESX ya VMware, KVM ya Linux na Hyper-V ya Windows analinganisha, kwa sehemu kubwa, namna tatu za kugawa zamu kwa wanaotegemeana.

Kutegemeana huko kunaletwa na kufuli. Viini vinapotaka kugusa data ileile, kimoja hufunga mlango, hufanya kazi yake, kisha hufungua. Vingine havilali: huzunguka mlangoni vikichungulia, maana kwenye mashine halisi mlango hufungwa kwa muda mfupi mno. Ndani ya mashine pepe hesabu hiyo huharibika. Haipavaiza haizioni kufuli za mgeni wake, yaani mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe, hivyo huweza kumshusha mwenye ufunguo katikati ya kazi. Wenzake hubaki wakizunguka mlangoni zamu nzima. Kipimo cha matumizi ya prosesa kitasoma asilimia 100, nawe utadhani mashine inachapa kazi.

VMware walianza kwa ukali. Katika ESX 2, viini vya mashine moja vikipishana kupita kiwango, vyote vilisimamishwa, na havikuendelea mpaka vipate nafasi kwa pamoja. Mwenye ufunguo hakuachwa nyuma, lakini gharama ilikuwa wazi: mashine ya viini viwili iliweza kusubiri huku kiini kimoja halisi kikikaa bure. ESX 3 ya mwaka 2006 ililegeza kamba. Tangu hapo ilitosha vile vilivyobaki nyuma vipewe nafasi, bila kuwangoja ndugu wote wakusanyike.

Linux ilishika njia nyingine. KVM ilipoingia kwenye kerneli 2.6.20 mwaka 2007, kila kiini pepe kilifanywa uzi wa kawaida, unaopangiwa zamu na mpangaji yuleyule anayepangia programu nyingine. Njia hii ni nyepesi, na haiachi kiini halisi kikae bure kwa kungoja ndugu. Lakini mpangaji huyo hajui kwamba nyuzi nane ni za nyumba moja.

Deni lake lilionekana mwaka 2008, Linux ilipoleta kufuli za tiketi. Kila anayefika mlangoni alichukua namba, akaingia kwa mpangilio, asirukwe mtu. Kwenye mashine halisi ilikuwa haki tupu. Kwenye mashine pepe haki hiyo ikageuka adhabu: mlango uko wazi, lakini mwenye namba inayofuata ameshushwa, na walio macho nyuma yake hawaruhusiwi kumpita. Dawa ya mwaka 2013 ilikuwa kuwafanya mgeni na mwenyeji wake, yaani haipavaiza, wazungumze. Anayezunguka muda mrefu humwambia mwenyeji amlaze, na anayefungua mlango humwomba amwamshe yule ambaye zamu yake imefika.

Hyper-V iliongozwa zaidi na usalama. Prosesa nyingi hufanya kiini kimoja kionekane viwili, na vivuli hivyo viwili hutumia kashe moja, jambo linaloweza kumpa jirani mwanya wa kuchungulia. Windows Server 2016 ilileta mpangaji asiyeruhusu mashine mbili zishiriki kiini kimoja halisi kwa wakati mmoja, na toleo la 2019 likamfanya awe wa kawaida. Mashine yenye kiini pepe kimoja hushika kiini kizima, na kivuli cha pili hulala. Seva ikijaa mashine ndogondogo, upotevu huo huonekana.

Kwenye macOS, mtego ni wa aina nyingine. Prosesa ya M1 ya mwaka 2020 ina viini vinne vya kasi na vinne vya kubana umeme. Mgeni aliyepewa vinane huviona sawa vyote, huvigawia kazi sawasawa, kisha huvingoja vilivyo polepole.

Kwa hiyo kipimo cha haki hakianzi kwa kushindanisha mifumo. Pima kila mmoja dhidi ya nafsi yake: kiini kimoja, viwili, vinne, vinane, kisha rudia kwenye mashine halisi bila haipavaiza. Kanuni ya Amdahl ya mwaka 1967 inatukumbusha kwamba kazi ambayo asilimia 5 yake haigawanyiki, ikipewa viini vinane, itaongeza kasi mara 5.9 hivi, si mara nane. Pengo hilo usimbebeshe haipavaiza.

Halafu washe mashine jirani. Seva ikiwa tupu, wapangaji wote hufanana. Tabia zao hujitokeza viini pepe vinapozidi viini halisi. Hapo usisome kasi peke yake, soma na kusubiri. Ndani ya mgeni wa Linux, tazama safu ya st katika programu ya top. Kwenye ESX tazama %RDY na %CSTP. Kwenye mwenyeji wa Hyper-V tazama CPU Wait Time Per Dispatch. Namba hizi hazilingani moja kwa moja, lakini zote zinahesabu muda ambao kiini pepe kilikuwa na kazi mkononi kikakosa pa kuifanyia.

Zikipanda, yule fundi wetu apunguze viini kabla ya kununua seva mpya. Vinne vinavyopata zamu kwa wakati mara nyingi huwahi kumaliza kuliko vinane vinavyomngoja mmoja aliyeshushwa na ufunguo mfukoni.