Jembe la Mgeni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika makanisa makuu ya Kianglikana huko Uingereza, kwaya ngeni hupewa jembe siku ileile ya kufika. Agosti, wenyeji wakiwa likizoni, kwaya ya parokia fulani hushika zamu ya juma zima: mchana mazoezi ya saa moja hivi, jioni Sala ya Jioni. Sala yenyewe twaijua; ina Wimbo wa Mariamu na Wimbo wa Simeoni, vilevile kama katika kanisa la Mkunazini, Unguja. Nadai kwamba ufundi wa wageni hawa ni kusikiliza kabla ya kuimba, na ushahidi wake umo katika zaburi, wala si katika wimbo mkuu wanaojivunia.

Kitabu cha Sala cha 1662 kimezigawa zaburi zote 150 kwa siku 30, na panapofuatwa mpango huo mgeni hachagui. Atakayeangukia jioni ya tarehe 15 atakutana na Zaburi ya 78, yenye aya zaidi ya 70. Tuni ni fupi mno, na sauti inayoanza kila nusu ya aya hubeba maneno yoyote yaliyopo, yawe mawili au kumi na mawili. Hakuna mapigo ya kuhesabu. Pande mbili za kwaya zinazotazamana lazima zitamke kama msomaji mmoja, zivute pumzi pamoja, zipokezane. Halafu kuna jengo. Katika St Paul's, London, mwangwi hukawia sekunde kadhaa. Anayewahi aya yake huikanyaga ya mwenzake. Herbert Howells, alipolitungia kanisa hilo nyimbo za jioni mwaka 1951, aliziacha sauti zibadilike polepole kwa sababu ya mwangwi huo. Mwenyeji huuzoea kwa miaka. Mgeni ana mchana mmoja.

Atakayesema kwamba waumini wamenyamazishwa hajakosea sana, hasa akitoka kwenye ibada ya makofi na vigelegele. Ila sala hii huimbwa hata viti vikiwa vitupu, kwa hiyo anayeketi kimya hakunyang'anywa zamu. Amekuta kazi inaendelea. Na wanaowadharau wageni kwa kuwa ni waimbaji wa ridhaa? Kweli, ifikapo Alhamisi sauti ya kwanza imechoka, na besi (daima besi!) inaburuta. Lakini kuyumba kwao hufichua jasho ambalo umahiri wa wenyeji hulificha. Jumatatu kwaya nyingine huingia, ikafungua kitabu pale hawa walipokomea.